Kwadi ya Kavugho

Ikisimama haina neno.
Ukivuta mafuta kidogo, haina neno.
Ukivuta mpaka mwisho, hapa karakanani Mugunga,
jirani wa cherehani anafunga dirisha kwa kelele.
"Mgonjwa wako mzima," nikamwambia Kavugho.
Akavua gambuti, akakung'uta mchanga mweusi:
"Mzima wa kwako, fundi. Kwangu inakufa."

Kavugho anatibu mifugo.
Kwadi aliirithi kwa mradi uliofunga ofisi
ukaacha viti vinne na deni la umeme.
Nyuma, boksi la chanjo, limekazwa kwa mpira wa tairi.

Nikaanza pale nilipofundishwa kuanza.
Plagi: rangi ya chai ya maziwa, si nyeusi, si nyeupe.
Chujio la hewa: nikalipuliza,
likanipa usoni vumbi la volkano la mwaka mzima.
Kabureta niliifungua juu ya sinia la harusi ya dada yangu,
tundu la mafuta nikalipenyeza uzi mmoja wa waya wa breki,
ukatokea upande wa pili, safi.
Kiwambo hakijapasuka. Mfuniko wa tangi unapumua.
Petroli niliionja, ndiyo, kwa ulimi, msinicheke:
haina maji, haina mafuta ya taa,
muuza chupa wa pale kona siku hizi anamcha Mungu.

Siriwayo, mwanafunzi wangu, akasema ni uchawi.
Nikampa ufagio.

Siku mbili nilikihoji chuma.
Ya tatu ndiyo nikamkumbuka mtu.
"Inakufia wapi?"
"Kwenye kile kishimo kabla ya Bulengo, njia ya makoro,
nikienda kwa mbuzi wa Bauma."
"Saa ngapi?"
"Alfajiri. Mchana nikirudi inapita tu, haikohoi hata mara moja."

Bisibisi ikaniponyoka.

Kesho yake tukatoka gizani,
yeye mbele, mimi nyuma nimekumbatia chanjo.
Upepo hakuna. Ziwa halikujitikisa.
Juu ya mteremko injini ilikuwa na sauti yake yote.
Tukashuka. Akavuta mafuta,
ikakohoa.
Akavuta tena, sauti ikazama,
kama mtu anayeita akiwa ndani ya gunia.
Nikamkamata kola: "Usishuke! Usiiname!
Legeza mafuta, tia kinyume, rudi!"
Jiwe la kwanza, inakwama. La pili, inakwama.
Kwenye jiwe la tatu ikapata pumzi.

Nikafunga kitambaa kwenye fito, nikakiwasha,
nikakishusha shimoni taratibu.
Usawa wa paja, kinawaka.
Usawa wa goti, kinafifia.
Kwenye kifundo cha mguu kikazimika
kana kwamba kimebanwa kwa vidole.
Karibu na pale ndege wawili na mjusi,
wamelala, hawana jeraha.

Mazuku.
Bibi yangu hakulitamka neno hilo mlango ukiwa wazi.
Hewa nzito itokayo ardhini, haina harufu,
usiku inajaa mashimoni kama maji
mpaka jua lichomoze na upepo uikoroge.
Kwadi inavutia hewa chini ya kiti.
Pua ya Kavugho iko juu yake
mkono mmoja na shibiri.
Nilipima. Kwa mkono wangu mwenyewe nilipima.

"Uliwahi kushuka kuiangalia?"
"Mara mbili. Kichwa kikaniuma.
Nikadhani ni njaa."

Tulikusanya mawe tukaziba njia,
hatukusemezana mpaka la mwisho.

Siriwayo bado anashikilia uchawi wake,
na mimi ufagio simpi tena.
Nilimtoza Kavugho kusafisha chujio, faranga elfu tatu.
Akatoa tano, akakataa chenji,
akapiga kiki, akaondoka kwa njia ya juu,
ile ndefu, ya kuzunguka.